Simu yangu, wagonjwa wangu na daftari la kikoba: ipi ni siri ya kutunza?

Swali

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma, na kwenye kikoba chetu cha wanawake, kikundi cha kuweka na kukopa, mimi ni mmoja wa washika funguo watatu. Kila semina tunaambiwa 'tunzeni siri'. Nyumbani mume wangu anataka namba ya siri ya simu yangu, nikisita anasema mke mwema hana siri kwa mumewe. Kwenye kikoba, mwenyekiti na katibu wamekataa kufungua daftari la mikopo mbele ya wanachama, wanasema ni siri ya kundi. Na juzi mama mmoja kwenye kaya ninazotembelea kaninong'oneza kwamba bibi anapanga kumpeleka mtoto mchanga 'kutibiwa lawalawa', akaniapisha nisimwambie mtu. Je, hizi zote ni siri za aina moja? Nitunze ipi, nitoe ipi?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Suala la mtoto tulilizungumza kwa simu jioni ileile nilipopata ujumbe wako, maana halikuwa la kusubiri zamu. Hapa naliandika kwa ajili ya wenzako wanaotembea kaya kwa kaya kama wewe. Ujumbe wako nimeuondolea jina la wilaya, la kijiji na la kundi, pamoja na maelezo ya ile familia ambayo jirani angeyasoma akajua ni akina nani.

Hapana, si za aina moja. Umeleta mambo ya aina tatu, na yote tumezoea kuyaita siri. Kuna faragha: sehemu ya maisha yako ambayo huna deni la kumweleza mtu, iwe una la kuficha au huna. Kuna usiri: wajibu wa kutunza habari za mwingine aliyekukabidhi kwa kukuamini. Na kuna kuficha: kumzuilia mtu habari kwa makusudi, mara nyingi habari inayomhusu. Ukitaka kuyatenganisha, jiulize kwanza jambo lenyewe ni la nani, kisha nani ataumia asipolijua. Nimewafundisha watu wa zahanati, wa halmashauri na wa vikundi, na naona watu wengi hukwama kwa sababu wanaanza na swali lingine kabisa, la nani kaniapisha.

Ndiyo maana naanza na mtoto. Yule mama alikukabidhi jambo, na kwa kawaida hilo linakufunga. Lakini jambo lenyewe halikuwa lake. Mwili unaotaka kukatwa ni wa mtoto, na mtoto hajakuapisha chochote wala hawezi kujisemea. Kwa wasomaji wasio wa huku kwetu: lawalawa ni jina ambalo watu wa Dodoma na Singida hulitumia kwa miwasho na maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo, na iko imani ya siku nyingi kwamba dawa yake ni kukeketa. Ukweli ni kwamba maambukizi hayo yanatibiwa zahanati, kwa dawa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta karibu nusu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika mkoa wa Dodoma wamekeketwa. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilipoufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, ziko familia zilizoacha ngoma na sherehe zikahamia kwenye wembe wa gizani, kwa mtoto mchanga ambaye hataweza kumweleza mwalimu wala polisi. Huko ndiko kuficha kwa maana yake mbaya kabisa: anayezuiliwa habari ndiye huyohuyo anayeumizwa.

Bibi akiulizwa atasema haya ni mambo ya familia. Anadai faragha. Nami naiheshimu sana faragha ya familia, ila inaishia pale inapogusa mwili wa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wa eneo hilo. Haisemi "isipokuwa kama umeapishwa". Kiapo ulicholishwa mlangoni hakiwezi kukuondolea wajibu huo.

Lakini hapa sikilizeni vizuri, ninyi wahudumu wote, kwa sababu ndipo watu wema wanapoharibu. Sababu halali ya kuvunja usiri haikupi ruhusa ya kutangaza. Unamweleza mtu mwenye uwezo wa kuzuia, yaani afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji mnayemwamini, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Unamweleza kile kinachohitajika kumlinda mtoto, basi. Hiyo haijumuishi ugomvi wa yule mama na mkwewe, wala kwamba mume hayupo nyumbani, wala dawa anazotumia. Humwambii mwenzako wa kikoba ili "mumwombee". Na kama hakuna hatari ya mtoto kuhamishwa usiku huohuo, mwambie mama mwenyewe kwamba utatoa taarifa na kwa nini. Wengi wao, na naamini wa kwako pia, hunong'ona hivyo kwa sababu wanatafuta mtu wa kuwabebea neno ambalo wao hawawezi kulisema mbele ya mama mkwe. Mkishindwa kumpata afisa yeyote, simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na haina malipo.

Sasa tuje kwa wagonjwa wako, ambako ndiko usiri unakaa hasa. Habari za mgonjwa ulizo nazo si zako. Ni kama mtu aliyekuachia mbuzi wake umchungie: utamlisha, utamkinga na fisi, utajua hata kilema chake, lakini huwezi kumuuza wala kumchinja kwa sababu tu kamba iko mkononi mwako. Haijalishi kwamba habari yenyewe ni ndogo, au kwamba "kila mtu anajua". Mama aliyekwambia ameharibu mimba, kijana anayetumia dawa za kifua kikuu, mzee anayekwenda kliniki Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili: kila mmoja alikupa neno kwa kazi moja, kumsaidia apone. Ukilipeleka kwenye kazi nyingine, hata nzuri, umekiuka.

Kwenye virusi vya ukimwi sheria imeandika wazi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti ukimwi ya 2008 inayafanya majibu ya kipimo kuwa ya usiri na kutaja watu wachache tu wanaoweza kupewa. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu aliyejua ana maambukizi amweleze mwenza wake. Tazama ilivyopangwa: wajibu wa kusema umewekwa kwa mwenye jambo. Hukuwekewa wewe mhudumu wa kijijini. Ukijua kwamba mtu hajamwambia mwenza wake, kazi yako ni kumrudisha kwa mshauri wa kliniki ili wasaidiane kulisema. Ukijipeleka mwenyewe kwa mke au mume kumnong'oneza, unaweza kudhani unaokoa maisha, kumbe umemfukuza mgonjwa kwenye dawa, na kaya kumi za jirani zikapata sababu ya kutopima.

Lakini wagonjwa wengi wanaolalamika hawakusemwa na mtu. Hebu tuingie kwenye zahanati yoyote ya kawaida asubuhi ya siku ya kliniki. Benchi la wagonjwa limeegeshwa ukutani, chini ya dirisha la chumba cha daktari, kwa sababu hapo ndipo penye kivuli. Dirisha liko wazi kwa joto. Ndani, mganga anamuuliza binti ameanza kutokwa na uchafu lini, na benchi zima linanyamaza. Akitoka, muuguzi anaita kwa sauti, "wa dawa za mwezi waje mlango wa nyuma," na watu watano wanainuka huku macho yanawasindikiza. Kwenye meza ya mapokezi faili limelala chali, jina juu, ugonjwa chini yake. Hapo hakuna aliyetoa siri ya mtu. Ukiwashitaki wahudumu kwa kuvunja usiri watakana, na watakuwa wakweli, midomo yao imefungwa. Kilichovunjika ni faragha: mgonjwa hakupewa nafasi ya kuwa peke yake na mtu aliyemfuata.

Usiri unatunzwa kwa mdomo na kalamu. Faragha ya mgonjwa inatunzwa kwa mlango, pazia, mpangilio wa benchi na sauti ya chini. Ndiyo maana semina ya "tunzeni siri" haitoshi. Unaweza kuwa na wahudumu waaminifu kama mapadri kitubioni na bado wagonjwa wakaikimbia zahanati yako wakapanda basi kwenda kuchukulia dawa mjini Dodoma, ambako hawajulikani. Kuhamisha benchi upande wa pili wa jengo hakuhitaji bajeti.

Na wewe begani una begi. Kijiji kizima kinalijua. Ukiingia nyumba moja mara mbili kwa wiki, bila wewe kufungua mdomo umeshasema. Wenzako wenye uzoefu huingia pia nyumba ya kushoto na ya kulia, wakauliza chandarua, wakatazama kadi za kliniki za watoto, ndipo wanafika kwa mgonjwa. Hakuna uongo hapo, kwani kaya zile nazo ni zako za kutembelea. Ila unamfunika mtu kwa kuwapo kwa wengine.

Kuhusu simu na mumeo, nitasema polepole kwa kuwa ni ndoa ya watu.

Wazo kwamba mtu ana haki ya kuachwa na mambo yake lina historia ndefu sheriani. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliliandikia hoja nzito, wakisukumwa na magazeti ya umbea na kamera zilizokuwa zinapiga picha za watu bila ridhaa. Azimio la haki za binadamu la 1948 likaliweka kwenye ibara ya 12. Kwetu, haki za binadamu zilipoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ibara ya 16 ikampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Kila mtu. Mwanamke haachi haki hiyo mlangoni siku ya harusi, na mwanamume vilevile.

Kwa hiyo kusita kwako kutoa namba ya siri hakuthibitishi kwamba una baya. Mtu anayefunga mlango wa choo hafichi kosa. Mazungumzo yako na mama yako, na dada yako aliyekwama kwenye ndoa yake, maombi yako, hofu zako za usiku wa manane, ni vyako. Unaweza kumfungulia mumeo ukipenda, na ndoa nyingi nzuri zimefunguliana. Ila kufunguliana kuna maana pale tu ambapo mtu angeweza pia kukataa.

Sasa kuna jambo ambalo huenda hujamweleza, na nadhani litakusaidia kuliko hoja zote za haki. Simu yako si yako peke yako. Ndani yake mna ujumbe wa mama aliyejifungua, picha ya kidonda uliyomtumia mganga, orodha ya wanaotoroka dawa. Hata kama ungekuwa tayari kumfungulia mumeo maisha yako yote, hayo huna mamlaka ya kumfungulia. Faragha ni mali yako, unaweza kuiachia. Usiri ni wa mwingine, na huwezi kuutoa hata kwa unayempenda kuliko wote. Mwambie hivyo. Mwambie: "Baba fulani, mimi sikufichi. Humu kuna watu." Mwanamume mwenye akili akifikiri kwamba hata ugonjwa wake mwenyewe uko kwenye simu ya mhudumu wa kijiji cha jirani, ataelewa. Na kama uwezo upo, tenganisha: laini au simu ya kazi iwe peke yake, majina ya wagonjwa yaandikwe kwa namba za kaya, picha zifutwe zikishafanya kazi yake. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, nayo inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayezishika anapaswa kuzilinda na kuzitumia kwa kazi ileile zilizokusanyiwa.

Nimtetee na mumeo kidogo. Katika dai lake kuna punje ya haki, nayo haimo kwenye namba ya siri. Yako mambo ambayo mwenzi anastahili kuyajua kwa sababu yatamwangukia yeye. Umechukua mkopo ambao mkishindwa kulipa watabeba vitanda na cherehani, hiyo si faragha yako tena, huko ni kumficha mtu anayehusika. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwenzi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, mke kwa mume na mume kwa mke. Nimeona familia nyingi mjini na vijijini ambako mume anapekua simu ya mke kila usiku huku hati ya kiwanja imekaa kwa mkopeshaji na mke hajui. Kilichokuwa chake mke kimepekuliwa, na kilichokuwa cha wote kimefungiwa. Kama mtakaa mzungumze, zungumzeni hayo ya madeni, mali na afya inayowagusa wote wawili. Wivu wa simu mara nyingi hupoa yakishakaa sawa. Na kama kudai namba ya siri kunaendana na kipigo au vitisho, hayo si mazungumzo ya faragha tena, nenda dawati la jinsia.

Kikoba. Hili limenikera, nalisema wazi.

Kikoba kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kwa nini? Kwa sababu waliobuni utaratibu huo walijua fedha ya wengi haitakiwi kufunguliwa kwenye giza. Siku ya mkutano sanduku linakaa katikati, washika funguo wanainuka mmoja mmoja, fedha zinahesabiwa kila mtu anaona, na mwenye kusahau kiasi cha wiki iliyopita anakumbushwa na wenzake. Uwazi huo ndio dhamana yenu, hamna nyingine. Sasa sanduku linafunguliwa mbele ya wote, lakini daftari linaloonyesha fedha zimekwenda kwa nani linafichwa. Ufunguo unaoushika haukusaidii chochote hapo.

"Siri ya kundi" ni siri dhidi ya watu wa nje. Haiwezi kuwa siri dhidi ya kundi lenyewe. Uongozi unaposhika daftari unashika kwa niaba ya wanachama; wao ndio wenye jambo. Nani amekopa, kiasi gani, lini atarudisha, amefika wapi: hiyo ni habari ya kila aliyeweka hisa, kwa sababu asiporudisha mmoja wanaumia wote.

Hata hivyo, na hili mwenyekiti wako anaweza kuwa analigusa bila kujua namna ya kulieleza, daftari lile lina kurasa za namna mbili. Mwanachama aliyechota kwenye mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, huenda alieleza sababu: binti amefanyiwa upasuaji, mume amefungwa, yeye mwenyewe ameanza dawa. Kiasi ni cha kundi. Sababu ni yake, na aliwaambia viongozi wawili kwa usiri. Kwa hiyo dai lako lisiwe "fungueni kila kitu". Dai kiasi, tarehe, marejesho na salio, mkiri kwamba sababu hazisomwi. Ukilitenganisha hivyo, kisingizio kinakwisha, na kama hakikuwa kisingizio, viongozi waaminifu watashukuru kupata njia. Wakiendelea kukataa, kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya namna yenu vinatakiwa kusajiliwa, na kazi hiyo iko halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuja mkutanoni na daftari likasomwa akiwepo.

Uliniambia pia kwa simu, nami naliandika kwa ruhusa yako, kwamba viongozi haohao walituma kwenye kundi la WhatsApp picha ya mwanachama aliyechelewa kulipa, na namba yake ya NIDA, vikapelekwa hadi kwa shemeji zake. Weka matukio haya mawili pamoja uyatazame. Hesabu ya fedha za wote imefungwa kabatini, na sura na kitambulisho cha mtu mmoja mnyonge vimeanikwa. Mambo yamepinduliwa. Namba ile mliichukua kwa ajili ya usajili, si kwa ajili ya kuaibishia, na yule dada anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni tabia ileile ya wakopeshaji wa mtandaoni waliokuwa wanapekua majina kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia wakwe na wafanyakazi wenzake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali chake. Kikundi cha wanawake waliokubaliana kuinuana kisijifunze kwa hao.

Utaona sijasema kila kuficha ni kubaya. Kura yako ni ya siri ili asije mtu akakulipiza. Mtihani unafungiwa hadi siku yake. Mambo ya jando na unyago wanayajua waliopita huko, na asiyepita hapungukiwi haki yoyote. Zabuni za serikali zinafungwa hadi saa ya kufunguliwa, kisha zinafunguliwa kwa washindani wote, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayoihalalisha ya kwanza. Siri ya namna hii inajulikana kuwa ipo, ina sababu ambayo hata anayezuiliwa angeikubali, na mara nyingi ina mwisho wake. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mtendaji anayejibu kwamba hesabu za darasa lililochangiwa matofali na wananchi ni "nyaraka za serikali" hana sababu ya aina hiyo, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 iko upande wa mwananchi anayeuliza kwa barua. Sheria hiyo ina mambo iliyoyaachia kufichwa, kama usalama wa taifa, na mojawapo ni maisha binafsi ya mtu. Kwa hiyo unaweza kupewa bei ya mabati, na usipewe faili la matibabu la fundi. Ni mpaka uleule wa daftari lenu.

Limebaki la mwisho ulilouliza pembeni, kwamba mwakani huenda mkahamia Kondoa na una madaftari ya miaka mitatu ya kutembelea kaya. Usiyachome nyumbani na usiyaachie wanao wayatumie kwa hesabu za shule. Yapeleke kwa mganga mfawidhi wa zahanati unayoripoti, yakabidhiwe kwa maandishi, mtie sahihi wote wawili, kwa kuwa mhudumu atakayekuja atahitaji baadhi yake na mengine yatahifadhiwa au kuteketezwa kwa utaratibu wa zahanati. Futa namba na ujumbe wa wagonjwa kwenye simu kabla hujaigawa au kuiuza, maana simu nyingi zinazouzwa kwa mkono wa pili zinakwenda na habari zake ndani. Uliyobaki nayo kichwani utahama nayo. Kule Kondoa usisimulie habari za wagonjwa wako hata kama mfano wa kufundishia, labda uwe umebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, kwani basi la kutoka Dodoma linafika huko kila siku na ndugu zao wamo ndani yake. Na wale waliokwisha kufariki, wajibu wako kwao haujafa: watoto wao bado wanaishi kijijini kwenye jina hilohilo.